Rafiki wa Ugenini

Umetoka Berega peke yako, umevuka mpaka Namanga, sasa uko Nairobi. Ukifungua mdomo tu wanacheka: "Wewe ni wa Tanzania!" Kiswahili chako kinakupatia marafiki hata kabla hujaweka begi chini. Mmoja anakuonyesha matatu ya kupanda (ndiyo daladala zao), mwingine anakununulia chai. Wengi ni watu wazuri kweli, usiwaogope.

Ila ugenini huna shangazi wa kumuuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Kwa hiyo nenda polepole. Kutaneni mchana, penye watu. Soda ifunguliwe mbele yako. Mtu wa nyumbani ajue uko wapi, na nani. Nauli ya kurudi ikae mfukoni mwako mwenyewe, maana ukiishiwa utalala utakapoambiwa. Ukimwambia rafiki wa kweli, "Leo hapana, tuonane kesho," hanuni.

Mkipendana, tumieni kondomu. Virusi vya Ukimwi havionekani usoni. Kondomu ikipasuka, au ukilazimishwa (na hapo kosa si lako), wahi hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi lazima zianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Ukirudi Berega kabla hazijaisha, endelea kumeza, kisha kapime tena.