Acha "bei inboksi": andika posti ambayo Google itaweza kumwonyesha mteja

Mtu yuko Nakuru, Jumatano usiku, anatafuta keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto. Sherehe ni Jumamosi. Hana mwokaji anayemjua, kwa hivyo anafungua Google kwenye simu na kuandika "keki ya kilo moja Nakuru bei". Wewe unaoka keki hizo pale Section 58, na wiki jana uliweka picha tatu safi kwenye Instagram. Je, atakuona?

Kama chini ya picha uliandika "Tamu balaa! Bei inboksi", huenda asikuone kabisa. Google hutegemea sana maneno kujua posti inahusu nini. Hapo hakuna neno keki, hakuna Nakuru, hakuna kilo, hakuna bei. Wanaokufuata tayari wataelewa. Mgeni anayetafuta hana njia ya kukufikia.

Habari njema ni kwamba kurekebisha hili hakuhitaji pesa. Kunahitaji dakika chache na maneno sahihi.

Si kila posti huonekana nje

Status ya WhatsApp hukaa saa 24 na huonwa na watu walio kwenye simu yako. Stori ya Instagram pia hupotea baada ya saa 24, labda uihifadhi kwenye ukurasa wako. Posti ndani ya kundi la faragha la Facebook hubaki ndani ya kundi. Hizi zote ni nzuri kwa wateja ulio nao, lakini usizitegemee kukuletea mtu mpya kutoka Google.

Zinazoweza kuonekana nje ni zile zilizo wazi kwa umma: ukurasa wa biashara wa Facebook, video za TikTok kwenye akaunti isiyofungwa, na posti za Instagram. Tangu tarehe 10 Julai 2025, picha na video za umma kutoka akaunti za kibiashara za Instagram, za watu wenye miaka 18 na zaidi, zinaweza kutokea kwenye matokeo ya Google.

Kwa hivyo hakikisha mambo mawili. Kwanza, akaunti yako iwe ya biashara na isiwe imefungwa. Pili, nenda kwenye mipangilio, ufungue sehemu ya faragha ya akaunti, na uangalie kama umeruhusu picha na video zako zionekane kwenye mitambo ya kutafuta. Lakini usiwashe kabla hujasoma makala hii hadi mwisho.

Andika vile mteja anauliza

Mteja anayetafuta huuliza mambo manne: ni nini, iko wapi, ni pesa ngapi, na nitalipaje. Posti yako ijibu yote manne. Kwa mfano:

"Keki ya vanila ya kilo moja, Nakuru. Bei kuanzia Sh1,800. Tuko Section 58, tunapeleka Milimani, Free Area na Lanet. Agiza siku mbili mapema. Lipa kwa Till yenye jina la duka letu."

Si ushairi, lakini inaeleweka na mtu na inaeleweka na Google. Mambo mengine ya kuzingatia:

- Maneno uliyoandika juu ya picha hayatoshi. Yaandike tena kwenye maelezo chini yake.
- Wakenya hutafuta kwa lugha mchanganyiko. Mmoja ataandika "viatu vya shule Kisumu", mwingine "school shoes Kibuye". Tumia maneno yote mawili ndani ya posti.
- Taja mtaa, soko au steji ambayo watu wanaijua. "Kongowea, karibu na steji" inasaidia kuliko "Mombasa" peke yake.
- Kwenye jina la akaunti, ongeza unachouza na mahali ulipo.
- Hashtegi tatu au nne zinazohusu bidhaa zinatosha. Thelathini hazitachukua nafasi ya maelezo.

Wengi huficha bei kwa kuogopa mshindani. Mshindani anaweza kujifanya mteja na kuiuliza dakika yoyote. Anayezuiwa ni mteja ambaye hana muda wa kusubiri jibu. Kama bei hupanda na kushuka, andika "kuanzia" na utaje mwezi.

Ikiwa una duka au kibanda cha kudumu, jisajili pia kwenye wasifu wa biashara wa Google ili uonekane kwenye ramani. Kujisajili ni bure. Mtu akikupigia simu akidai ada ya "kukuweka Google", usimtumie chochote.

Jina la ukurasa na jina la Till

Hapa ndipo mauzo mengi yanaweza kukwama. Mteja aliyeelekezwa na rafiki anakuamini kwa sababu ya rafiki. Mteja wa Google hakujui hata kidogo, na unamwomba alipe nusu ya pesa kabla hajaona keki. Amesikia kuhusu matapeli wanaonakili picha za watu na kuweka nambari zao. Kwa hivyo anaangalia jina linalotokea anapolipa.

Ukurasa ukisema jina moja na Till ikionyesha lingine, ana haki ya kusita. Majina yafanane. Kama Till imesajiliwa kwa jina lako binafsi, sema hivyo wazi kwenye ukurasa, na ulitaje jina lenyewe. Tena tumia Till moja kila mahali. Leo Till, kesho nambari ya shemeji, kesho kutwa nambari nyingine: hata wewe ungeogopa kulipa.

Kabla ya kuwasha, kagua posti za zamani

Ukiruhusu Google ione posti zako, inaweza kuonyesha hata zile ulizosahau. Pitia moja moja ukitafuta vitu vitatu.

Kwanza, nambari za simu ulizoacha kutumia. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine. Mteja akituma pesa huko, zinamwendea mtu usiyemjua, na lawama zitakurudia wewe.

Pili, picha za skrini za ujumbe wa malipo. Wafanyabiashara huziweka kuthibitisha kwamba wanauza. Lakini zina jina la mteja, wakati mwingine na nambari yake ya simu, pamoja na msimbo wa muamala. Tapeli anaweza kuzitumia kumpigia mteja huyo akijifanya wewe. Pia, taarifa za mteja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ziondoe. Badala yake, mwombe mteja akuandikie maoni kwa hiari yake.

Tatu, picha za kitambulisho, nyumba unayoishi, au watoto wa wateja ambao wazazi hawakukubali.

Posti ikifutwa inaweza kuendelea kutokea Google kwa muda kabla ya kutoweka. Ndiyo maana tunasema usafi uje kwanza, swichi baadaye.

Pima kama inafanya kazi

Google haiahidi kuonyesha kila posti, na inaweza kuchukua siku kadhaa au zaidi. Fungua dirisha la faragha kwenye simu, bila kuingia kwenye akaunti yako, kisha utafute bidhaa yako na mtaa wako. Wiki inayofuata, rudia.

Na kila mteja mpya akilipa, muulize, "Ulitupata wapi? Uliandika nini ukitafuta?" Yaandike maneno yake kwenye daftari vile alivyoyasema. Hayo ndiyo maneno ya posti yako ijayo.

Kumbuka: nambari ya Till unaweza kuitangaza popote. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu.