Masuala Ibuka: Haki ya Mtumiaji Kukarabati Kifaa Chake

Mtahiniwa, suala hili laweza kukujia kama kifungu cha ufahamu, kama hoja ya mjadala au kama insha. Kwa sura yoyote ile, kosa la kawaida ni moja: kuandika kwamba haki ya kukarabati ni ruhusa ya kufungua simu yako mwenyewe. Ruhusa hiyo unayo tayari. Hakuna askari atakayekukamata kwa kushika bisibisi. Kinachodaiwa ni kwamba kampuni iliyounda kifaa ilazimishwe kukupa, wewe au fundi uliyemchagua, vitu ambavyo bila hivyo bisibisi haifai kitu: vipuri kwa bei ya haki, mwongozo wa ukarabati wenye michoro ya saketi, zana maalumu, na programu ya kompyuta inayokifanya kifaa kikubali kipuri kipya.

Usichanganye haki hii na waranti. Waranti ni ahadi ya muuzaji kwamba kifaa kikiharibika chenyewe katika muda fulani, tuseme mwaka mmoja, atakitengeneza au atakupa kingine. Muda ukipita, ahadi imekwisha. Tena waranti nyingi hazigusi simu iliyoanguka kwenye sakafu ya simiti. Haki ya kukarabati huanza kuwa na maana hasa pale waranti inapokosa nguvu.

Chunga pia msamiati. Kitenzi "tengeneza" kina maana mbili, kuunda kitu kipya na kurekebisha kilichoharibika, na "mtengenezaji" katika jibu lako aweza kusomwa kama kampuni au kama fundi. Tumia "karabati" kwa maana ya kurekebisha, "kampuni" au "mwundaji" kwa aliyekiunda, na "fundi" kwa anayekirekebisha. Hoja yako itasomeka bila utata.

Mfano ulio wazi kuliko yote hautokani na simu bali na trekta, huko Marekani. Trekta la kisasa lina kompyuta na vihisi vingi vinavyopima joto, mafuta na msukumo. Kihisi kimoja kikifa, kompyuta yaweza kupunguza nguvu za injini hadi trekta lijikokote tu. Tuseme mkulima amenunua kihisi kipya na kukifunga barabara. Trekta bado linagoma, kwa sababu kompyuta inasubiri kuthibitishiwa na programu iliyoko kwa wakala wa kampuni. Wakala yuko mbali, mahindi yamekomaa na mvua inakuja. Malalamiko ya namna hii yalitolewa kwa miaka mingi na wakulima wenye matrekta ya John Deere, na mwaka 2025 serikali kuu ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo mahakamani kuhusu ukarabati.

Kwa nini mkulima asivunje tu kufuli hilo la programu? Kwa sababu sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli za kidijitali. Sheria hiyo ilikusudiwa hasa kuzuia wizi wa filamu na muziki, lakini trekta lina programu, na programu ina hakimiliki. Mwaka 2015 magari na matrekta yaliwekwa miongoni mwa vitu ambavyo mwenyewe anaruhusiwa kuvunja kufuli lake ili akikarabati. Zingatia hapa, maana ndipo kiini cha mada kilipo. Mkulima alipewa ruhusa, lakini kampuni haikulazimishwa kumpa chochote, na wakulima wangapi wanajua kuvunja programu ya kompyuta? Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 2024, ikiwataka waundaji wa mashine za kilimo wawape wenye mashine na mafundi wa kujitegemea vipuri, zana, miongozo na programu. Ukitaka kueleza tofauti ya ruhusa na haki kwa mfano mmoja, tumia huu.

Katika simu, kufuli huja kwa njia ya namba. Kioo, betri au kamera hupewa namba yake ya pekee, na namba hiyo huandikwa katika ubao mkuu wa simu. Fundi akitoa kioo halisi kwenye simu moja na kukitia kwenye nyingine ya aina ile ile, namba hazilingani. Simu huonyesha ilani, au baadhi ya uwezo wake hupotea. Kioo hakina kasoro na fundi hakukosea. Jimbo la Oregon lilipiga marufuku mtindo huu katika sheria yake ya mwaka 2024.

Jambo hili linaigusa Kenya moja kwa moja. Mafundi wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, na wenzao katika kila mji wenye kituo cha matatu, hutegemea simu mbovu kama ghala la spea: mbili zilizokufa huzaa moja inayofanya kazi. Simu zilizofungwa kwa namba huuzwa hapa pia, ilhali sheria ya Oregon inaishia Oregon. Kwa mwendesha bodaboda anayepokea nauli kwa M-Pesa, simu isiyokubali kioo cha bei nafuu ni siku za kazi zilizopotea.

Je, sheria zetu zinasemaje? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, habari anazohitaji ili afaidi bidhaa hizo kikamilifu, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Neno "ukarabati" halimo. Usiandike kwamba limo. Lakini unaweza kujenga hoja juu ya lile neno "habari": je, mwongozo wa ukarabati si habari ya kumwezesha mtumiaji kufaidi bidhaa yake kikamilifu? Hoja hiyo ina nguvu kuliko kulalamika kwamba kampuni ni katili.

(Simu za kulipia mdogo mdogo ni suala jingine. Hizo hufungwa mteja asipolipa kwa sababu deni halijaisha. Tunayemzungumzia hapa amekwisha kulipa shilingi ya mwisho.)

Upande wa pili nao usikilizwe. Kampuni husema betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto, na hilo ni kweli. Husema pia kwamba kufunga vipuri kwa namba hupunguza wizi, kwa kuwa simu iliyoibwa haiuziki vipande vipande. Anayeishi mjini hawezi kuipuuza hoja hiyo, nami naiona ndiyo nzito zaidi upande wao. Hata hivyo, kampuni ingeweza kukataa vipuri vya simu zilizoripotiwa kuibwa tu, bila kukataa vya kila simu. Kuhusu sababu za kampuni kwa jumla, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilizichunguza na kuripoti mwaka 2021 kwamba ushahidi wa kuziunga mkono ni haba.

Ulaya imekwenda mbele kidogo. Mwaka 2021 Ufaransa ilianza kuzitaka simu na kompyuta za mapajani, miongoni mwa bidhaa nyingine, zionyeshe alama kati ya 0 na 10 za urahisi wa kukarabatiwa, ili mnunuzi alinganishe kabla ya kulipa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha agizo mwaka 2024 linalowataka waundaji wa bidhaa kama friji, mashine za kufulia na simu wazikarabati kwa bei ya kiasi hata baada ya waranti.

Ukihitaji takwimu ya mazingira, moja inatosha: mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za kielektroniki tani milioni 62, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Jaribu swali hili kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Fundi wa mtaani ameondoa kioo halisi katika simu iliyokufa na kukitia katika simu ya mteja ya aina ile ile. Simu inawaka vizuri lakini inaonyesha ilani kwamba kioo hakitambuliki, na mteja anadai arudishiwe pesa zake. Mwandikie mteja huyo barua ukimweleza chanzo cha ilani hiyo, na ni nani anayepaswa kuulizwa. (alama 20)