Kushika Mwiko Mezani pa Marafiki

Mwisho wa mwezi ufikapo, askari wengi wasio zamuni hukutana na wenzao kula na kunywa. Apitaye Namawojjolo, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, hulakiwa na moshi wa kuku na nyama ya kuchoma, na gonja mbivu zikigeuzwa juu ya makaa. Mahali kama hapo ni raha kwa mwenye afya. Bali kwa askari aliyeambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa sukari, ni uwanja wa majaribu.

Tuseme askari huyo ni koplo. Nyumbani hushika mwiko wake barabara, kama ashikavyo amri. Lakini akaapo na wenzake, mmoja humwambia, "Leo tu, Koplo! Siku moja haiui." Mwingine amekwisha kumwagizia bia bila ya kumwuliza. Koplo huona haya, asije akadhaniwa mnyonge au mwenye maringo. Basi hunyamaza, akafuata mkumbo.

Kimya hicho ndicho chenye hatari. Ni kweli kwamba sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu macho, mafigo na mishipa ya miguu. Lakini ipo na hatari ya usiku ule ule. Mtu atumiaye insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, hapaswi kukaa na njaa baada ya kutumia dawa. Nyama huchelewa motoni, na bia hufika upesi. Tena pombe hulizuia ini lisitoe sukari liliyoiweka akiba. Hapo sukari ya damu huweza kushuka mno. Mtu hutokwa na jasho, hutetemeka, husema ovyo na kupepesuka. Wenzake wasiojua habari zake husema, "Amelewa," wakamlaza. Kumbe yu katika hatari ya kufa!

Kwa hiyo silaha ya kwanza ni kusema. Kabla chakula hakijaagizwa, na awaambie wazi: "Ndugu zangu, nina ugonjwa wa sukari, nitakula nanyi, lakini kwa kipimo changu." Aliye rafiki wa kweli hatamcheka. Askari asiyemwacha mwenzake vitani hawezi kumwacha mezani.

Kipimo chenyewe si kigumu. Nusu ya sahani na iwe mboga, kama vile dodo, kabichi au kachumbari. Robo iwe nyama isiyo na mafuta, samaki, au kuku aliyeondolewa ngozi. Robo iliyobaki iwe posho au matoke. Gonja ni tamu, basi kipande kidogo kichukue nafasi ya posho, kisiongezwe juu yake. Badala ya soda, ambayo chupa yake ya mililita 300 huweza kuwa na gramu 30 za sukari, na anywe maji. Kuhusu pombe, na afuate neno la daktari wake. Na kama ameruhusiwa kidogo, asinywe kabla ya kula. Naye mwenye shinikizo la damu aiache chumvi iliyowekwa pembeni mwa nyama, kwani mtu mzima hapaswi kupita gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai.

Wenzake nao wana wajibu. Wakiona dalili tulizozitaja, naye angali aweza kumeza, wampe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, kisha chakula. Akiwa amezimia, wasimtie kitu kinywani, bali wamlaze ubavu na kumkimbiza hospitali.

Raha ya meza ni mazungumzo na udugu, wala haipimwi kwa wingi wa mifupa iliyobaki sahanini. Ajuaye kutii amri mbele ya mkubwa wake, na ajifunze pia kuitii mbele ya rafiki amsihiye kwa mapenzi. Huo ndio mtihani mkubwa zaidi.