Golden State na Minnesota: je, mtoto wa Goma atapewa nafasi?

Usiku wa kuamkia Jumatatu hii, 5 Mei 2025, Golden State Warriors waliitoa Houston Rockets kwa pointi 103 kwa 89. Jumanne wanaanza tena, safari hii na Minnesota Timberwolves. Kwa wapenzi wa basketi wa Goma, Sake, Mushaki na hapa Karuba, habari kubwa haiko kwa Stephen Curry. Iko kwa benchi, pale anakaa Jonathan Kuminga, kijana wa miaka 22 aliyezaliwa Goma tarehe 6 Oktoba 2002.

Wengi huku wamezoea mpira wa miguu, kwa hiyo kwanza hesabu. Katika mechi hizi za mtoano za NBA, ekipe mbili zinapambana mpaka moja ishinde mara nne. Hakuna sare, na hakuna kujumlisha pointi: ukishinda kwa pointi 40 ama kwa pointi moja, ni ushindi mmoja tu. Mechi mbili za kwanza zinachezwa Minneapolis, mbili zinazofuata San Francisco, kisha kama bado hakuna mshindi wanapokezana viwanja. Minnesota njo wanaanzia nyumbani juu walimaliza msimu na ushindi 49, Golden State 48. Ushindi mmoja tu, lakini mechi ya saba, kama itafikiwa, itakuwa kwao.

Kuminga aliondoka Kongo akiwa bado kijana mdogo, akaenda kusoma na kucheza Marekani. Mwaka 2021 Golden State walimchagua akiwa namba 7. Kuna jambo la ajabu hapo: Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa namba 7 mwaka 2011, na Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, namba 7 mwaka 2015. Wakongomani watatu, namba ileile. Kuminga akachukua ubingwa mwaka 2022 akiwa na miaka 19, jambo ambalo hata marehemu Dikembe Mutombo, pamoja na ukubwa wake wote, hakulipata katika maisha yake ya uchezaji.

Sasa kwa nini mtu kama huyo anakaa? Mwezi Januari aliumia kifundo cha mguu, akakosa mechi 31. Alipokuwa bado anajitibisha, ekipe ikamleta Jimmy Butler kutoka Miami, mwezi Februari. Kuminga aliporudi mwezi Machi alikuta kiti chake kina mtu. Mechi ya mwisho ya msimu hakuingia. Mechi ya Memphis ya kutafuta tiketi hakuingia. Mechi ya kwanza ya Houston, pia hakuingia. Ni mpaka Butler alipoumia katika mechi ya pili ndipo mlango ukafunguka, na hata hapo mara aingie, mara akae.

Mashabiki wengi wa huku wanasema kocha Steve Kerr hamupendi. Hiyo ni kusema haraka. Shida ni ya uwanja wenyewe. Nguvu ya Kuminga ni kukimbia na mpira mpaka chini ya kikapu na kuruka juu ya watu. Kutupa kutoka mbali, mpira wa pointi tatu, bado hakuaminiki. Butler na Draymond Green nao si watupaji wa mbali. Ukiwaweka wote watatu pamoja, wapinzani wanawaacha peke yao kule nje na wanajazana mbele ya kikapu, sawa watu kwenye njia nyembamba ya soko. Curry anakosa hewa. Kerr amechagua Curry apumue, na kwa kweli ni vigumu kumulaumu: Houston wameondoka kwa sababu Buddy Hield alitupa mipira tisa ya pointi tatu, akamaliza na pointi 33.

Lakini Minnesota si Houston. Walimaliza kazi yao na Lakers tarehe 30 Aprili, 4 kwa 1, wamepumzika siku nyingi. Golden State wametoka kucheza mechi saba ngumu, na wana siku moja tu katikati. Curry ana miaka 37, Butler na Green wote wamepita 35 ama wamefika. Mbele yao kuna Anthony Edwards wa miaka 23 asiyechoka, na Julius Randle mwenye kifua kama cha ng'ombe dume. Miguu ya wazee ikianza kuwa mizito, Kerr atatafuta miguu ya vijana, na hapo jina la Kuminga litaitwa. Kinachoweza kumzuia ni Rudy Gobert, yule Mfaransa mrefu anayelinda kikapu cha Minnesota. Mechi ya mwisho na Lakers alipata pointi 27 na kukamata mipira 24. Kuingia kwake bila kuwa na mtupo wa mbali ni kwenda kugonga ukuta.

Shabiki asiyejidanganya ataona Minnesota wanashinda, pengine kwa mechi sita. Ataona pia Kuminga akicheza zaidi kuliko alivyocheza na Houston.

Na kwake si mchezo tu. Mkataba wake unaisha msimu huu. Mwezi Oktoba hawakuelewana juu ya mpya. Ekipe nyingine inaweza kumpa bei, na Golden State wana haki ya kulipa bei ileile na kubaki naye. Kila dakika atakayocheza mwezi huu itaangaliwa na wenye pesa. Msimu huu alikuwa na wastani wa pointi 15 kwa mechi, lakini wanunuzi wanakumbuka zaidi mambo ya Mei kuliko ya Novemba.

Mechi ya kwanza itaanza saa tisa na nusu usiku kwa saa za Goma, kuamkia Jumatano 7 Mei. Asiye na mega za kutosha, ama ambaye telefone haina chaji, atapata matokeo asubuhi. Mwenye uwezo wa kukesha usiku mmoja tu, afadhali angoje ule wa kuamkia Jumapili 11 Mei: itakuwa mechi ya tatu, ya kwanza San Francisco, na kufikia hapo itajulikana nani amechoka.