Maabara ya Lugha na Kompyuta Tegemezi: Tuliyoyaona

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini maabara ya lugha ilifungwa kwa wiki tatu muhula uliopita, na vile visanduku vidogo sita vilivyowekwa kando ya kompyuta za zamani ni vya nini. Tunaomba radhi kwa usumbufu, na hapa tunaeleza.

Maabara yetu ina kompyuta 24. Zote zilikuwa zikitumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na ni za zamani mno kuweza kupokea Windows 11. Sita kati yake diski zilikuwa zimekufa. Wakati huohuo, tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, madarasa yetu ya wanaoanza yamejaa, nao ndio wanaoihitaji maabara kuliko wote. Fedha tulizopewa zingetosha kompyuta mpya tisa tu. Ndipo mfanyabiashara mmoja akatushauri tununue zile ambazo wenyewe huziita thini klaenti.

Jina hilo lilitupa kazi. Mwanafunzi mmoja alilitafsiri "mteja mwembamba", darasa zima likacheka. Sisi tumeamua kusema kompyuta tegemezi, na walimu wa sarufi mtaelewa mara moja: ni kama kishazi tegemezi, kina kitenzi chake lakini hakijitoshelezi. Kisanduku kina mahali pa kuchomeka kibodi, kipanya, skrini na vipokea sauti, ila programu na mafaili yote yako kwenye seva. Ukibonyeza herufi, habari husafiri kwa waya hadi kwenye seva, seva hufanya kazi, kisha hurudisha picha ya kuonyeshwa kwenye skrini yako.

Faida zake si uongo wa wauzaji. Kompyuta ya mezani ya kawaida hula wati 60 hadi 100 ikiwa kazini, bila kuhesabu skrini. Kisanduku hiki hula kama wati 5 hadi 15. Kwa viti 24, hata ukiongeza umeme wa seva, tofauti ni kubwa. Programu husasishwa mara moja tu, kwenye seva. Na mwizi akikichukua kisanduku, hajachukua tasnifu ya mtu.

Tuliazima sita tukazijaribu. Kwa kuandika insha na kutafuta maneno kwenye kamusi hatukuona tofauti yoyote. Shida ilianza tulipovaa vipokea sauti. Kumbukeni kwamba sauti nayo hutoka kwenye seva, tena hubanwa ili ipite kwa wepesi mtandaoni. Inapobanwa sana, kinachopotea kwanza ni mawimbi ya juu, na hayo ndiyo yanayotenganisha th na s. Wanafunzi waliosikiliza "thamani" na "samani" walikuwa wakibahatisha, na hata sisi walimu tulisitasita. Kwa mtu anayesikiliza taarifa ya habari hilo ni dogo. Kwa anayejifunza matamshi, tena kutoka lugha isiyo na th, ni somo zima limeharibika. Tuliporekebisha mipangilio ili sauti isibanwe, ilikuwa safi, lakini wanafunzi wote sita walipojirekodi kwa pamoja sauti zilianza kukatikakatika. Video ilikuwa mbaya zaidi, maana kila picha inayobadilika lazima isafirishwe kwa kila kiti.

Jambo jingine ambalo mfanyabiashara wetu hakulitaja mpaka tulipomuuliza ni leseni. Anayetumia seva ya Windows kwa njia hii hulipia seva yenyewe, halafu hulipia leseni za kila mtumiaji au kila kifaa. Tulipojumlisha, unafuu uliyeyuka. Pia kuna hatari ya kufungwa kwa kampuni moja. Visanduku vya Sun Ray, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1999, vilisifiwa sana vyuoni. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, na miaka michache baadaye biashara hiyo ikafungwa.

Suluhisho tulilipata mahali ambapo hatukutarajia. Kuna mradi wa programu huria uitwao LTSP, ulioanza mwaka 1999 kwa ajili ya mashine tegemezi za Linux. Mwaka 2019 uliandikwa upya. Sasa kompyuta huwashwa kupitia mtandao na kuchukua mfumo wake kutoka kwenye seva, lakini programu zenyewe huendeshwa na kompyuta iliyo mbele yako. Kwa hiyo sauti haisafiri hadi kwenye seva na kurudi, na diski haihitajiki kabisa. Zile sita zilizokufa diski zilifufuka mchana uleule! Tulirudia zoezi la "thamani" na "samani", na safari hii kubahatisha kulikwisha.

Basi fedha tumezitumia hivi: seva moja, swichi ya gigabiti moja, betri ya akiba ya seva na swichi, na vile visanduku sita, ambavyo tumevihamishia chumba cha kusomea kwa kazi za kuandika. Kompyuta 24 za zamani zimebaki maabarani. Udhaifu mmoja haujaondoka: seva ikizimika, chumba kizima kinasimama. Betri inatupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuizima seva kwa utaratibu, lakini kompyuta za wanafunzi hazimo kwenye betri hiyo, kwa hiyo tafadhali hifadhini kazi zenu mara kwa mara.

Walimu watakaohitaji maabara muhula ujao wajiandikishe kwa katibu wa idara. Wanafunzi waje na vipokea sauti vyao, kwani vya idara vilivyobaki vizima ni 15 tu.