Reli ya Lamu: Uliza mzigo kabla ya kuuliza mwendo

Ati treni Lamu? Pale Langoni, ambako usafiri ni miguu, punda na boti, neno lenyewe linachekesha. Ukitaka kwenda bara unavuka maji hadi Mokowe ndipo upande basi. Ukitaka ndege unavuka hadi Manda. Sasa mtu akitaja treni ya mwendo wa kasi barazani, mmoja atacheka, wa pili atauliza tiketi itakuwa pesa ngapi, na wa tatu atakukumbusha kwamba hata bandari ilianza kama mzaha.

Cheka, lakini usicheke sana. Reli unailipia tayari.

Tangu 2013 kuna ada inaitwa ada ya maendeleo ya reli. Ilianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini kwa matumizi ya humu, na kiwango chake kimekuwa kikibadilishwa. Piga hesabu kwa kiwango kile cha mwanzo: mfanyabiashara akiingiza bidhaa ya Sh10,000, analipa Sh150 za reli. Halafu Sh150 hizo anazipachika kwenye bei. Simu, spika, spea za injini ya boti, vyote hivyo ukinunua Langoni umechangia reli ambayo haijawahi kukanyaga kaunti yako. Kwa hivyo mjadala wa reli wala si wa watu wa Nairobi peke yao. Umo ndani, utake usitake.

Kilichoahidiwa na kilichopo

Tarehe 2 Machi 2012, marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia wakati huo, Meles Zenawi, walikuja Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET. Orodha ilikuwa ndefu: bandari ya gati 32 kule Kililana, barabara kuu, bomba la mafuta, viwanja vya ndege, miji ya kitalii, na reli. Reli hiyo ilichorwa kutoka Lamu hadi Isiolo, kisha igawanyike: tawi moja liende Sudan Kusini na jingine Ethiopia kupitia Moyale.

Leo hii gati zilizojengwa ni tatu. Ya kwanza ilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021. Barabara ya Lamu, Witu hadi Garsen, ambayo ni kama kilomita 135, imetiwa lami, na msafiri wa basi aliyekuwa akila vumbi anajua tofauti yake. Na reli? Hakuna hata kilomita moja iliyotandikwa.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Kuna wanaosema bandari bila reli ni duka bila mlango, kwa hivyo tujenge haraka, tena tujenge treni ya kisasa inayopaa. Kuna wanaosema nchi inadaiwa hadi kooni, hiyo reli tuiache kwanza. Kabla hujachagua upande, hebu tuweke sawa neno moja linalotumika ovyo.

Kasi ni ngapi?

Watu wengi huiita SGR yetu treni ya kasi. Ukiilinganisha na ile ya zamani iliyokuwa ikilala njiani kati ya Nairobi na Mombasa, sawa. Lakini Madaraka Express inakwenda hadi kilomita 120 kwa saa. Ya Tanzania, inayotumia umeme, inafika 160. Ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, kisha ikafika Dodoma Julai mwaka huohuo.

Zote mbili, kwa vipimo vya dunia, bado si treni za mwendo wa kasi. Reli mpya huhesabiwa ya kasi ikiwa imejengwa kwa kilomita 250 kwa saa au zaidi. Japani ndiyo iliyoanzisha mambo hayo, 1964, kati ya Tokyo na Osaka. Barani Afrika, Morocco ilifungua yake Novemba 2018, kati ya Tangier na Casablanca, na inagonga 320.

Sasa angalia mahali reli hizo zilikojengwa. Tokyo na Osaka ni miji ya mamilioni ya watu wanaosafiri kila siku kwa kazi. Reli ya kasi inakula pesa nyingi kwa sababu haitaki kona kali, haitaki kivuko cha ng'ombe, na haipendi kuchanganywa na treni nzito za mizigo. Treni ya mizigo inayojikokota ikiwa mbele, ile ya kasi nyuma yake itafanya nini? Itasubiri, kama lori kwenye barabara nyembamba.

Kaunti yote ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019. Treni moja ya Madaraka Express ina viti kama 1,200. Ikijaa kila siku, itakuwa imembeba kila mkazi wa Lamu, hadi mtoto mchanga, kwa muda wa miezi minne. Baada ya hapo ibebe nani?

Jibu la waliochora mradi ni kwamba reli hii haikukusudiwa abiria kwanza. Ilikusudiwa mizigo. Basi swali la maana ni hilo: mzigo gani?

Mzigo uko wapi?

Tuanze na Ethiopia, nchi ya watu zaidi ya milioni 100 isiyo na bahari. Wakati sisi tukingoja, wao na Djibouti walijenga reli ya umeme ya zaidi ya kilomita 700 kutoka Addis Ababa hadi baharini, ikaanza biashara rasmi Januari 2018. Ukitaka mzigo wao upite Lamu, itabidi uwape sababu ya kuacha njia ambayo tayari wanailipia.

Mafuta ya Sudan Kusini nayo yana bomba lake, linapita Sudan hadi Port Sudan. Vita vimelisumbua, ni kweli, lakini bomba la kuja Lamu halijajengwa. Hata mafuta yetu wenyewe ya Turkana hayajapata bomba la kufika hapa.

Bandari yenyewe imepata kazi ya aina nyingine: meli kubwa inashusha kontena, meli ndogo inazichukua na kuzipeleka bandari nyingine. Biashara nzuri hiyo, na kina kirefu cha maji ya Lamu kinaisaidia. Lakini mzigo wa namna hiyo haugusi nchi kavu. Hauhitaji reli, na hauhitaji vijana wengi.

Tazama sasa bei. SGR ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, iligharimu takriban Sh327 bilioni, nyingi zikiwa mkopo wa China. Hiyo ni karibu Sh700 milioni kwa kila kilomita. Lamu hadi Isiolo ni zaidi ya kilomita 500. Kwa bei hiyohiyo, bila kuongeza kasi hata kidogo, unazungumza juu ya zaidi ya Sh340 bilioni kabla hujafika mpaka wowote. Na ile ya kwanza ilipoendelezwa hadi Suswa mwaka wa 2019, ilisimama hapo kwa miaka, kwa sababu mkopo wa kuisukuma hadi Kisumu haukupatikana.

Mombasa pia wana somo. Ili SGR ipate mzigo wa kutosha, waagizaji walilazimishwa kusafirisha kontena zao kwa treni na kuzitolea Nairobi na Naivasha. Madereva wa malori, makarani wa forodha, wenye gereji na mama wa vibanda vya chakula kandokando ya barabara walilia kwamba kazi zao zimepandishwa treni. Waliandamana. Suala hilo likawa la kampeni, na Septemba 2022 Rais William Ruto, siku aliyoapishwa, akaagiza kazi hiyo irudishwe Mombasa. Maana yake reli inaweza kuleta kazi, na reli hiyohiyo inaweza kuziondoa. Inategemea kituo kinawekwa wapi na nani kaulizwa.

Usidhani basi Lamu haina cha kufaidi. Samaki na kamba wa Lamu huoza au huuzwa bei ya kutupa kwa kukosa baridi na usafiri wa haraka. Maembe, korosho na simsim za Hindi, Mpeketoni na Witu zina hadithi hiyohiyo. Treni yenye mabehewa ya baridi ingebadilisha maisha ya watu. Ila hebu jiulize: mvuvi huyo anahitaji kilomita 320 kwa saa, au anahitaji barafu leo na barabara salama kesho? Usalama wa barabara za huku wenyewe bado ni donda, na kila anayepanda basi anajua.

Lamu imewahi kuuliza, ikasikizwa

Pengine unasema moyoni: mimi ni nani, serikali ikitaka kujenga itajenga. Subiri kidogo.

Kazi ya kuchimba bahari ili meli zipite iliharibu sehemu za uvuvi na mikoko. Wakazi wa Lamu walienda kortini mwaka wa 2012, mwaka uleule wa uzinduzi. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwemo haki ya kupata habari na ya mazingira safi, na kwamba athari kwa utamaduni wao hazikuzingatiwa. Ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni. Malipo yenyewe yalivutana kwa miaka.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi. Sababu kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi mzima ulisimama kwa sababu watu walisoma ripoti na kuuliza maswali.

Na kuna ardhi. Julai 2014 Rais Uhuru alitangaza kufutwa kwa hati za zaidi ya ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa mikononi mwa kampuni 22. Zilitolewa wakati habari za bandari zilikuwa zimeshaanza kunoga. Wenye pesa husikia harufu ya reli mapema kuliko wewe. Ukingoja hadi uone mataruma, shamba la babu litakuwa na jina la mtu mwingine.

Maswali matatu ya kubeba

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 10 kinataka wananchi washirikishwe. Mradi mkubwa kama reli lazima ufanyiwe tathmini ya mazingira, na umma hupewa muda wa kutoa maoni kwa NEMA. Huhitaji digrii ya uhandisi. Huhitaji hata kuwa mwanaharakati. Unahitaji kufika kikaoni ukiwa umejipanga, na maswali haya yanatosha kuanzia.

La kwanza: mzigo gani utalipa deni? Usikubali jibu la "maendeleo". Taka tani ngapi, za nani, kwa mkataba gani.

La pili: njia inapita wapi, na nani ana hati ya ardhi hiyo leo? Kama ramani ipo, iwekwe wazi kwa chifu na kwa kaunti kabla madalali hawajafika.

La tatu: kazi za Lamu ni zipi, na mafunzo yanaanza lini? Kubeba mawe wakati wa ujenzi ni kibarua cha miaka miwili. Dereva wa treni, fundi wa umeme, mtu wa mawimbi ya ishara na mwendeshaji wa kreni ni kazi za maisha, na zinasomewa miaka kabla reli haijafika. Kama mafunzo yataanza siku ya uzinduzi, ujue wamekuja na watu wao.

Jina la mtaa wenyewe ni Langoni, na lango lina kazi mbili: kuingiza na kuzuia. Wazee walijua kumuuliza mgeni anakotoka na alichobeba kabla ya kumfungulia. Reli nayo ni mgeni kama wengine. Ikija na majibu, mkaribishe. Ikija na kasi tu, mwambie asubiri nje kwanza.