Jumba la Sanaa Hukamilika Lini?

Miradi ya majumba ya sanaa huahidi mambo yanayofanana: ukumbi wa maonyesho, ghala la kuhifadhia kazi, chumba cha mafunzo kwa vijana na mlango ulio wazi kwa wote. Mavivi, penye uwanja wa ndege unaohudumia mji wa Beni mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pangefaa kwa jumba la aina hiyo. Wachongaji, wachoraji na wasusi wangepata pa kuonyesha kazi zao, na familia zilizohama vijiji vyao zingepata pa kukumbuka na kusimulia.

Katika kupanga, michoro na bajeti ya jengo hupewa nafasi kubwa. Maswali ya matumizi huchelewa: nani atawaongoza wageni kwa Kiswahili na Kinande, kiingilio kitakuwa kiasi gani, na mwanafunzi atafikaje na kurudi kwao kabla ya giza.

Ujenzi nao huanza kwa kasi. Msingi na kuta huonekana mapema, kisha tarehe huanza kusogezwa. Saruji na mabati mengi yanayouzwa Beni na Butembo huingia kutoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi. Barabara ikikatika kwa mvua au kwa vita, malori hukwama, mafundi hukaa bila kazi na bei hupanda. Michoro ikibadilishwa katikati ya kazi, gharama huongezeka tena, hasa pale ambapo hakukutengwa fungu la dharura. Wajenzi wasilaumiwe kwa kila ucheleweshaji: eneo la Beni limeandamwa na mauaji tangu 2014, na ratiba ya mahali penye amani haifai hapa.

Fedha zikipungua, ukumbi humalizwa kwanza. Huachwa ghala, vyoo, umeme wa uhakika, njia ya wenye ulemavu na mishahara ya wafanyakazi. Bila ghala kavu, vinyago huliwa na mchwa. Bila mwongozaji, mlango hufungwa hata kama jengo ni zuri.

Njia nafuu ni kujenga kwa hatua. Chumba kimoja kinachofunguliwa mwaka wa kwanza, chenye mwongozaji anayelipwa, kina faida zaidi kuliko kumbi tatu zinazosubiri madirisha. Kwa hiyo wafadhili na viongozi waandike mambo mawili katika kila mkataba: tarehe ya kuwafungulia wananchi mlango, na fedha za kuliendesha jumba kwa miaka mitatu baada ya hapo.